Kodi ya Chumba cha Uani

3 Februari

Kwa Mwenye Nyumba,

YAH: OMBI LA KUREJESHEWA KODI YA CHUMBA CHA UANI ILIYOLIPWA KIMAKOSA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi niliyekuwa mpangaji wako katika chumba cha uani nilihama mwezi Mei mwaka jana na kuacha ufunguo. Hata hivyo, kutokana na agizo nililoliacha benki la kukata kodi kila mwisho wa mwezi, akaunti yangu imeendelea kukatwa na fedha hizo kuingizwa katika akaunti yako hadi Januari mwaka huu. Malipo hayo yalifanyika kimakosa, bila mimi kujua. Benki imeshasimamisha makato, lakini imenieleza kuwa fedha zilizokwisha kuingia kwako haziwezi kurudi ila kwa ridhaa yako.

Kwa barua hii naomba nirejeshewe fedha hizo kupitia akaunti ileile, ikiwezekana kabla ya mwisho wa Machi. Nimeambatanisha nakala ya taarifa ya benki.

Natanguliza shukrani.

Wako mtiifu,
Mpangaji wa zamani


19 Februari

Mwanangu Barafu,

Marahaba. Najibu shikamoo ambayo hukuitoa, maana nimeitafuta kwenye barua yako mbele na nyuma, nikageuza hata bahasha, sikuiona. Na ukiona nakuita Barafu kama zamani, usidhani ni kwa sababu ya hayo majokofu unayotengeneza. Ni kwa sababu ukikasirika huwa unaganda.

Mimi sijambo. Goti la kushoto linalalamika likiona ngazi, lakini mikono mizima na kazi ipo. Wiki iliyopita nilifungua kochi la mwalimu mmoja mstaafu, nikakuta ndani yake vijiko viwili, kalamu, na meno ya bandia. Meno ya juu, safi kabisa. Kumbe mzee alimshuku mkwewe kuwa ameyatupa, wakanuniana mwaka mzima, na mwaka mzima yeye mwenyewe amekuwa akiyakalia. Nikayatia kwenye bahasha pamoja na vijiko na kalamu, nikayarudisha kabla sijaanza kushona. Unaijua kanuni ya karakana hii, umekulia humu. Kinachotoka ndani ya kochi la mtu kinarudi kwa mtu, hata kiwe kifungo cha shati.

Sasa hiyo karatasi yako. Niliifungua mbele ya jirani yangu wa mlango wa pili, nikijua ni barua, maana tangu uondoke hukuwahi kuniandikia hata mstari. Jirani akauliza, "Serikali wanataka nini?" Nikamwambia si serikali, ni mtoto niliyemwogesha. Nikamsomea mpaka pale pa kichwa cha habari hapo juu, tukacheka. Halafu mimi nikaacha kucheka, nikaenda jikoni kutafuta kazi ya kufanya.

Mimi kwako si Mwenye Nyumba. Nyumba ninayo, hilo kweli. Lakini kaka yangu alipofariki nilikuchukua ukiwa bado unavaa viatu kinyume, na sikumbuki kukuandikia mkataba. Hata hiyo kodi uliitaka mwenyewe. Ulipopata mshahara wa kwanza ukasema mtu mzima halali bure, ukaenda benki ukaniwekea makato. Nikakubali kwa kuwa nilipenda kukuona ukijiona mtu mzima.

Karatasi nairudisha ndani ya bahasha hii. Andika upya, uandike kama mtu. Uniamkie, uniambie mnakula nini, kazi ikoje, na huyo mwenzako anaendeleaje. Ukishamaliza hayo, jambo lako uliweke chini, mahali pa jambo.

Simu usipige. Ilizama kwenye ndoo ya gundi, na tangu hapo nalala vizuri.

Na hayo ya kusema hela ziliingia kimakosa, nimeyasoma ila sijayaelewa. Zilikuwa zinaingia kila mwezi, na kila mwezi nilikuwa najua zinasema nini. Chumba chako kipo.

Shangazi yako


10 Machi

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine ya ile barua ya kwanza, ili tusidaiane.

Karatasi imefika, nimeichana. Nikueleze ilivyokuwa. Pale benki waliniambia nimwandikie barua aliyepokea, na mimi barua za hela siziwezi, basi nikamwomba karani wa ghala letu anisaidie. Karani huyu ana aina moja tu ya barua, anabadilisha kichwa cha habari. Nilipoisoma niliona imekaa kama ya kumwachisha mtu kazi, lakini nilikuwa nimekwisha kumnunulia chai na maandazi, nikaona aibu kusema.

Sisi hatujambo. Nahudumia vyumba vya baridi vya kuhifadhia dawa. Ndani baridi inauma masikio, nje jua linachoma, kwa hiyo mafua yangu hayana likizo. Tunakula vizuri. Umeandika "huyo mwenzako". Ni mke wangu, Shangazi, tumefunga ndoa. Bado anasuka watu saluni, ila sasa anasuka akiwa ameketi, kwa sababu ni mjamzito. Daktari anasema atajifungua mwezi wa saba. Hilo nilitaka kukuambia kwa njia nyingine, sikuijua ni ipi.

Binti yake, ambaye sasa ni binti yetu, yuko darasa la pili. Tunamwita Bi Maswali, na hakulipata jina hilo kwa bahati. Alipoiona bahasha yako akauliza shangazi ni mtu wa namna gani. Nikamwambia ni mtu anayefungua makochi na kurudisha vilivyomo. Tangu siku hiyo hakai kwenye kochi letu bila kwanza kuingiza mkono pembeni hadi kiwiko.

Jambo lenyewe ni hili. Tunaishi chumba kimoja. Mwenye nyumba wetu ana vyumba viwili vinavyofuatana upande wa nyuma, amekubali kutushikia, lakini anataka kodi ya miezi sita mbele. Nikaenda benki nikijua nina akiba, nikakuta ni nusu ya nilivyodhani. Nilimgombeza binti wa dirishani mpaka foleni nzima ikageuka. Yeye hakugomba. Alinigeuzia kioo cha kompyuta, nikaona jina lako limejipanga kila mwisho wa mwezi. Mimi karatasi za benki huwa sizifungui, unanijua. Nilipohama nilisahau kulifuta lile agizo. Ni hilo tu, Shangazi, nilisahau.

Unasema ulijua hela zinasema nini. Mimi sijui zilisema nini. Niambie.

Mke wangu anakusalimu.

Mwanao


14 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini goti halijambo na karakana haijambo. Sisi tuko salama, tumbo linakua, mafua yapo palepale.

Sijapata jibu lako. Nimemwuliza mtu wa posta, akaniambia barua zote zinafika, zinazochelewa ni watu. Mwenye nyumba wetu ananiuliza kila tukikutana bombani, nami kila mara namwambia wiki ijayo. Kama ile barua ya pili nayo ilikuwa na kasoro, nirudishie niisahihishe.

Mwanao


2 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Barua zako zote mbili zilifika. Zilikaa juu ya cherehani, nikawa nashona pembeni yake. Mtu wa posta yuko sahihi.

Huku wazima. Jirani anakusalimu. Mvua ilipita kwenye bati la karakana na kulowesha sufi yote niliyokuwa nimenunua ya kujazia mito, nikaianika uani mpaka uani pakawa peupe, na kuku wa jirani wakatoka wamevaa kanzu. Habari ya mtoto anayekuja nimeisoma. Nimefurahi, nisiseme uongo. Ndoo za maji mumnyanyulie nyinyi.

Umeuliza hela zilisema nini. Nitakuambia mara moja, halafu tusirudie.

Uliondoka siku niliyopeleka viti vya hoteli. Nimerudi nimechoka, nakuta ufunguo juu ya cherehani na chumba kimefagiwa. Hakuna neno, hakuna kikaratasi. Ndoa yako nimekuja kuisikia kwa jirani, tena akiwa anadhani najua. Nikamwambia ndiyo, najua.

Juni ilipokwisha nikaenda benki kuchukua hela za hoteli, nikakuta na za kwako. Nilimwuliza binti wa dirishani mara mbili. Nikatoka nikakaa pale kwenye ngazi za benki, na goti hili. Nikasema, mtoto huyu ameona haya kurudi kwa mdomo, anarudi kwa hela. Maana mtu halipii chumba ambacho hatarudi kukilalia. Mwezi uliofuata zikaja, uliofuata tena zikaja. Nikawa naungoja mwisho wa mwezi kuliko hata wateja wangu wanavyoyangoja makochi yao.

Alikuja muuguzi, binti mpole, anatafuta chumba. Nikamwambia kina mwenyewe. Akaja pia fundi simu, nikamwambia hivyohivyo. Hela zako sikuzila. Nilipiga rangi, yale madoa ya unyevu chini ya dirisha hayapo tena. Nikaweka wavu mpya. Kile kitanda chako cha futi tatu nikakitoa, nikamwagiza seremala cha futi tano, na godoro nikalishona kwa mkono wangu. Futi tano, Barafu. Mimi si mtu wa kueleza kila kitu.

Kumbe ulisahau.

Sikulaumu, kila mtu husahau. Ila baada ya kuisoma barua yako niliingia kile chumba kufunga dirisha, nikaona haya mbele ya kitanda. Sijui kama umewahi kuona haya mbele ya kitanda. Mimi sikuwa nimewahi.

Hela ni zako. Ziliingia kwangu nikazikalia nikidhani zangu, na kanuni ya karakana inanihusu na mimi. Lakini mkononi sina zote, nyingine ziko ukutani na nyingine zimelala kitandani. Kwa hiyo nimemwita tena yule muuguzi, atalipa mbele, na nina makochi mawili ya daktari mmoja hayajalipiwa. Zikitimia nitaziweka benki. Usiniandikie mpaka hapo.

Shangazi yako


20 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Umesema nisiandike, ninaandika. Ukitaka rudisha na hii.

Sisi wazima. Miguu ya mke wangu imevimba, viatu vyote vimemkataa isipokuwa ndala zangu, kwa hiyo mimi natembea na za Bi Maswali zikiishia katikati ya unyayo. Naye juzi ameopoa sarafu na kitana kwenye kochi letu. Kochi tulilikuta humu, ni la mwenye nyumba. Akavitia kwenye bahasha na kumpelekea. Mzee wa watu akaja kuniuliza kama hiyo ndiyo kodi ya miezi sita.

Na vile vyumba viwili vimekwenda. Alichoka kungoja, amempangisha seremala. Simlaumu. Kwa hiyo haraka niliyokuwa nayo imekwisha. Hela bado naihitaji, sikudanganyi, ila haraka imekwisha.

Nilimsomea mke wangu barua yako kwa sauti. Nilipofika kwenye futi tano akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akasema, "Huyo mama alikuwa anatungoja."

Basi na mimi niseme yangu, halafu tusirudie. Hujawahi kuniuliza kwa nini niliacha ufunguo bila neno, na nadhani huulizi kwa kuwa unaogopa nitajibu.

Jumapili moja kabla sijahama, nilikuwa upande wa pili wa ukuta, kwa jirani, nimelala chini ya friji lake nikilitengeneza. Wewe na yeye mlikuwa uani kwetu mnachambua sufi. Akakuuliza kama ni kweli nataka kuoa mwanamke mwenye mtoto. Ukasema, "Ameokota mke wa mtu. Mwache, mwenyewe atakuja kukidai kitu chake." Mkacheka, Shangazi. Mlicheka sana.

Angelisema mtu mwingine nisingejali. Lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kitu cha kuokota ni cha kurudisha, sijakuona hata siku moja ukibaki nacho. Nikajua hutanii. Na yeye hakuwa mke wa mtu. Aliachika miaka mingi kabla sijamjua, akamlea mwanawe kwa mikono yake.

Asubuhi ile nilikuwa nimekuambia jioni nina mgeni. Hukuniuliza nani. Alikuwa ameshavaa, gauni la kijani alilolishonesha kwa ajili ya siku hiyo, na mtoto amesukwa. Nikaenda nikawaambia tusiende, Shangazi ana wageni wake. Alikaa na lile gauni mpaka usiku. Nilipaswa kuingia uani nikuulize palepale, hata mikono ikiwa na grisi. Sikuingia. Niliganda, na nimeganda mwaka mzima, na kitu kilichouma zaidi ni kwamba nilikuwa nakukumbuka kila siku.

Muuguzi usimweke. Mwambie kina mwenyewe. Sisi tutabanana hapahapa. Bora nibanane kuliko mtu mwingine akilalie kile kitanda.

Mwanao


4 Julai

Kwa Mpangaji wa Zamani,

YAH: MAREJESHO YA VITU VILIVYOTOKA KIMAKOSA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi Mwenye Nyumba nilipokea barua yako ya tarehe 20 Mei. Barua hiyo ilisomwa mara moja tu, kwa kuwa msomaji hakuweza kuisoma mara ya pili. Majibu yamechelewa kwa sababu hiyo na si kwa sababu ya posta.

Kuhusu kodi: fedha zote zimeingizwa leo katika akaunti uliyoitaja.

Kuhusu ombi la kutompangisha muuguzi: ombi limekataliwa. Alikuwa amekwisha kuhamia barua ilipofika, ni binti mwema, na Mwenye Nyumba amepata mtu wa kumweleza habari za goti ambaye analazimika kusikiliza kikazi. Analala peke yake kwenye futi tano na anasema kinamzidi. Ameambiwa asikizoee.

Kuhusu neno lililotamkwa uani siku ya Jumapili iliyotajwa, mbele ya jirani: neno hilo lilitamkwa kimakosa. Siku hiyo Mwenye Nyumba alikuwa anaogopa kubaki peke yake na nyumba, na aliona ni rahisi kumchekesha jirani kuliko kulia mbele yake. Neno limeondolewa. Jirani ameitwa na kuarifiwa, naye amelifuta kwa upande wake, pamoja na kicheko. Kwa kanuni ya karakana neno lilipaswa kurudishwa kwa mwenyewe, lakini mwenyewe ndiye Mwenye Nyumba, kwa hiyo anabaki nalo na ni zito.

Kuhusu wageni: jioni ile Mwenye Nyumba hakuwa na mgeni yeyote. Alikuwa amepika, na mezani palikuwa na sahani nne, moja yao ndogo. Alingoja hadi chakula kikapoa. Alidhani mmebadili mawazo.

Mwenye Nyumba anafahamu kwamba barua ya namna hii haina salamu. Amejaribu mara nyingi kuandika ile nyingine na kila alipofika mahali pa jambo kalamu ilikataa. Anamshukuru karani wa ghala kwa mfano wake, na anaomba anunuliwe chai kwa mara ya pili.

Wako mtiifu,
Mwenye Nyumba

Viambatanisho:
Risiti ya benki.
Godoro la mtoto, la sufi iliyoanikwa vizuri.
Mto wa dada yake mtoto, yule anayeingiza mkono kwenye makochi. Mto una mfuko kwa ndani, na mfukoni kuna kitu.

Nakala: Mkwe wangu


29 Julai

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mjukuu wako amezaliwa tarehe kumi na moja, asubuhi, ni mvulana. Ana sauti ya kuita watu kutoka mtaa wa pili na ana kidole gumba cha baba yangu, kile kipana, nilikitambua kabla sijamwona uso. Mama yake mzima, miguu imerudi, nami nimerudishiwa ndala zangu. Mtoto analala kwenye godoro lako na kujinyoosha kana kwamba kalilipia. Hajalipa chochote na hakuna anayemdai.

Bi Maswali anasema shikamoo. Alipoupata mto hakusubiri hata tuukung'ute. Akaingiza mkono, akaopoa kifungo cheupe, akauliza cha nani. Nikakitazama, nikaona ni cha shati langu la shule, kile chenye ufa, ambacho nilikuambia nimekimeza ukanipeleka zahanati. Kumbe kilikuwa ndani ya kochi lako siku zote hizo. Nilipomwambia ni changu, akaenda akatafuta bahasha, akakitia humo, akaifunga, akanikabidhi kwa mikono miwili. Kwa hiyo kazi yako ina mrithi, usiwe na wasiwasi.

Barua yako nilimsomea mke wangu. Nilipofika kwenye sahani nne, ile moja ndogo, aliinuka akaenda kuosha vyombo, na vyombo vilikuwa safi.

Karani amekunywa chai yake. Ameniuliza ilikuwa barua ya nini, nikamwambia marejesho. Akasema aliniambia itafanya kazi. Hela imefika pia. Yule seremala hakuyavumilia maswali, amehama, na mwenye nyumba ametupa vile vyumba vya nyuma. Jumamosi tunahamisha vitu, ni hatua kumi hazifiki, na Bi Maswali amejiteua msimamizi.

Msalimu jirani. Nasema kwa moyo, si kwa kuandika tu. Friji lake likisumbua aligonge upande wa kulia. Msalimu muuguzi, mwambie kwenye kile chumba upepo unaingia vizuri ukilala kichwa upande wa mlango. Lisalimu goti. Lisalimu bati, na kuku. Na lisalimu lile kochi lako la sebuleni ambalo fundi makochi hajawahi kupata nafasi ya kulishona, pamoja na springi yake ya katikati, kwa kuwa shule zikifungwa tunakuja wote wanne na ndilo tutakalolalia.

Barua hii haina jambo, Shangazi. Nimefika huku chini, mahali pa jambo, nikapakuta patupu. Mke wangu ameomba nafasi hiyo aandike mwenyewe.

Mwanao

Shikamoo, Shangazi. Mimi ndiye yule wa kuokotwa. Mwenyewe hajaja kunidai mpaka leo, basi nimekaa. Gauni la kijani kwa sasa linanibana, lakini nitakuja nalo.